Siku 21 za kumaliza vijinzi jikoni

Nyumbani kwetu Kadutu, mjini Bukavu, tunakamua marakuja na nanasi, tunauza juisi kwa chupa. Nanasi nazipokea Beach Muhanzi zikishuka kwenye maboti ya kisiwa cha Idjwi, marakuja nachagua sokoni, na kazi yote inafanyika katika jiko lenye upana wa hatua 4. Mvua za mwezi wa 9 zilipoanza, mteja mmoja alinirudishia chupa. Ndani kilikuwa kinaelea kijinzi kimoja, macho mekundu. Hakunigombeza. Aliiweka mezani, akasema, "Mama, angalia," akaenda zake. Hajarudi kununua tena.

Jioni ile nilinunua dawa ya kupuliza, nikafunga madirisha, nikatoa watoto nje, nikapuliza mpaka pembe za dari. Asubuhi sakafu ilikuwa imejaa mizoga, nikafurahi. Siku ya 9 binti yangu mkubwa akaita kutoka jikoni: "Mama, tududu tumerudi!" Nikapuliza tena, vikarudi tena. Nilifanya hivyo mara 3 kabla ya kuelewa kwamba nilikuwa naua wazazi, huku watoto wao wamelala salama ndani ya kitunga, chini ya kaziye (kreti) ya chupa tupu na kwenye tundu la lavabo (sinki). Tangu nilipobadili njia, misimu 2 ya mvua imepita na jiko langu liko safi. Haya ndiyo ninayofanya.

Kwanza hesabu ya siku

Naanza hapa kwa sababu wengi wanashindwa hapa, wala si kwenye mtego.

Inzi wa matunda anakua kufuatana na joto. Kwenye nyuzi 25 yai linakuwa inzi kamili kwa siku 10 hivi. Kwenye nyuzi 18 linahitaji kama 19 au 20. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na jikoni kwetu, ukiondoa saa ambazo mbabula inawaka, joto linacheza kati ya namba hizo mbili. Kwa hiyo yai lililotagwa leo jioni linaweza kutoa inzi baada ya wiki 2, hata karibu 3. Ushauri mwingi unaozunguka unaahidi wiki moja. Mtu anafuata wiki moja, anaona vijinzi vimepungua, anaacha. Siku ya 12 au ya 15 wanatoka wapya kwenye mayai ya zamani, naye anasema njia ile ni ya uongo. Njia ilikuwa inafanya kazi. Siku ndizo hazikutosha.

Mimi nahesabu 21, na naziandika ukutani kwa kipande cha makala (makaa), karibu na mlango.

Siku hizi zinajulikana kwa uhakika kwa sababu mdudu huyu amefugwa kwenye maabara zaidi ya miaka 100. Thomas Hunt Morgan alimfuga New York ndani ya chupa za maziwa, na kazi yake juu ya urithi wa viumbe ikampatia tuzo ya Nobel mwaka 1933. Asili ya inzi mwenyewe ni Afrika. Mwaka 2018 watafiti walieleza jinsi walivyomkuta porini Zimbabwe akiishi kwa matunda ya mng'ongo. Harufu ya tunda linaloanza kuchacha ndiyo inayomwongoza tangu zamani zile, na ndiyo tutakayoitumia kumkamata.

Hatua ya 1: jua ni kijinzi gani

Vijinzi vinavyosumbua jikoni si vya aina moja, na dawa ya huyu haimhusu yule. Chukua tochi jioni, simama kimya dakika chache, angalia vinapotulia.

Ukiona kijinzi cha rangi ya udongo wa njano, urefu wa milimita 2 au 3, macho mekundu, kinaruka polepole juu ya ndizi na kutua kwenye mdomo wa glasi, huyo ni inzi wa matunda.

Ukiona cheusi, chembamba, miguu mirefu, kinatembeatembea kwenye kioo cha dirisha au juu ya udongo wa makopo ya mboga, hicho ni kisubi cha udongo. Matunda hakiyajali sana.

Ukiona cha kijivu, chenye manyoya kama kipepeo kidogo, kimebandika mabawa ukutani karibu na lavabo na ukikigusa kinaruka hatua 1 tu kisha kinatua, huyo ni inzi wa bomba.

Kama huna hakika kuhusu bomba, usiku paka mafuta kidogo upande mmoja wa sashe (mfuko wa plastiki) inayoonyesha, ifunike juu ya tundu la lavabo upande wenye mafuta uelekee chini, zungushia jiwe au kamba isiondoke. Acha nafasi ndogo ya hewa. Fanya hivyo usiku 2 au 3. Ukikuta vijinzi vimenasa kwa chini, vinazaliwa ndani ya bomba. Ukikuta hakuna, acha bomba, nenda kwenye matunda.

Inzi wakubwa wa choo na takataka siwazungumzii hapa. Hao wanatoka nje, na kazi yao inaanzia kwenye choo kufunikwa.

Hatua ya 2: tafuta mahali wanapozaliwa

Hii ndiyo kazi yenyewe. Ukiifanya vizuri, mtego unabaki msaada tu. Ukiiruka, utaweka mitego mwaka mzima.

Jike mmoja wa inzi wa matunda anaweza kutaga mayai mia kadhaa maishani. Anayaweka juu ya kitu chochote chenye unyevu kinachochacha, na kwa kawaida yai linaanguliwa ndani ya siku moja hivi. Funza wanaotoka ni weupe, wadogo sana, wanakula chachu na uozo kwa siku kadhaa. Kisha wanapanda juu kutafuta pakavu, wanajifunga ndani ya kifuko cha kahawia kama punje ndogo ya mchele, chenye vijipembe 2 mbele. Vifuko hivyo ndivyo alama ya kutafuta. Ukivikuta vimebandika kwenye ukuta wa ndoo, jua chini yake au pembeni kuna mahali wanapokula.

Toa kila kitu jikoni, kila kitu kweli. Mimi nilikuta kiazi kimoja kimeoza nyuma ya gunia la makala, kimekuwa uji, na harufu yake nilikuwa nimeizoea nikadhani ni ya ukuta. Halafu nikageuza kitunga cha nanasi. Kwa macho kilikuwa kisafi, lakini maji ya nanasi yalikuwa yameingia kati ya nyuzi zake, na vifuko vimejipanga chini kama shanga. Kitunga hicho nilikuwa nakibeba kutoka sokoni kila wiki na kukiweka juu ya meza.

Angalia na hapa: chini ya kaziye, ambapo chupa tupu zinabaki na tone la bia, kwenye tambara la kupangusia lililoachwa likiwa limelowa, ndani ya sponji, kwenye nyufa za meza ya mbao unapokatia matunda, kwenye kikonyo cha mkungu wa ndizi, chini ya taji la nanasi, kwenye ndoo ya takataka, hasa chini ya sashe uliyotandika, maana maji yanapita kwenye tundu na kukaa hapo wiki nzima. Vitunguu na viazi vichambue kimoja kimoja kwa mkono.

Hatua ya 3: toa yote siku moja

Usifanye leo kona hii, kesho kona ile. Wakiwa bado na mahali pamoja, watahamia huko. Chagua siku ambayo maji yapo, au siku iliyotangulia jaza bidoni zako.

Kitunga kilichoathirika loweka katika maji ya moto yenye sabuni, sugua kwa brashi, kisha kikaushe juani siku nzima. Ndoo ya takataka ioshe vivyo hivyo. Meza ya mbao mwagie maji ya moto, sugua kwa majivu, suuza. Chupa zote tupu suuza kabla ya kuzirudisha kwenye kaziye, hata kama ni za kupeleka sokoni kesho yake.

Maganda ya matunda yasilale ndani. Sisi tunatoa kila jioni kabla ya giza. Ya ndizi na nanasi tunawapa mbuzi wa jirani. Ganda na kokwa la avoka usimpe mbuzi, sungura wala simbilisi. Lina sumu kwa wanyama hao. Kama huna wa kulisha, chimba shimo la sentimita 30, tupa, mwagia majivu, fukia na ushindilie udongo. Wenye nyumba za mteremkoni, zilizobanana bila kiwanja, na najua ni wengi katika mji wetu, funga maganda kwenye sashe isiyo na tundu, kaza fundo, weka juani mpaka siku ya kuyatoa. Joto la ndani ya sashe linaua mayai na funza.

Matunda yanayoingia yaoshe siku hiyohiyo. Mayai mara nyingi yanakuja nayo kutoka sokoni, juu ya ganda, na kwenye ndizi yanakaa hasa karibu na kikonyo. Yapangushe yakauke. Lenye jeraha liliwe leo au likamuliwe leo, lisisubiri mengine.

Mwenye firigo na umeme anaweza kuweka humo matunda yaliyoiva. Kwetu umeme unapokatika siku 2, firigo yenyewe inakuwa kabati lenye joto, kwa hiyo natumia beseni pana na kitambaa chepesi cha pamba, nimekifunga kwa lastiki pembeni kibane. Usifunike chakula kwa chandarua cha kulalia. Vingi vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo haitakiwi kugusa tunda. Tena matundu yake ni mapana, kijinzi kidogo kinaweza kupenya.

Hatua ya 4: mtego

Baada ya kusafisha, wale wanaoruka wanakosa pa kutua. Ndipo mtego unapovuta vizuri, kwa sababu haushindani na kitu kingine. Ukiuweka kabla ya kusafisha, utakamata 10 huku 100 wanakula kwenye kitunga.

Nimejaribu vitu vingi. Siki nyeupe peke yake, ile ya chupa tunayoiita vinegre, inavuta kidogo. Ndizi iliyoiva sana inavuta vizuri. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ndiyo iliyonishangaza: mashapo yanayobaki chini, yenye chachu hai, yanavuta kuliko vyote. Inzi huyu anafuata chachu zaidi ya sukari. Usipokunywa kasiksi wala kuwa na jirani anayepika, changanya nusu kijiko cha hamira, kijiko cha sukari na maji ya vuguvugu, acha saa 1 mpaka kitoe povu.

Chukua glasi au kopo, weka kioevu chako kiasi cha vidole 2. Ongeza kijiko 1 cha siki. Kisha tone 1 au 2 za sabuni ya maji ya vyombo. Kama una sabuni ya mche, kwangua kidogo uiyeyushe. Sabuni inalegeza uso wa maji. Bila sabuni kijinzi kinasimama juu ya siki, kinakunywa na kuruka tena, ukiitia, kinazama. Usizidishe, harufu ya sabuni itafunika harufu ya mtego.

Funika kwa sashe iliyokazwa na lastiki, toboa matundu 5 au 6 kwa sindano nene. Au kunja karatasi kama mrija mpana juu, mwembamba chini, uisimamishe mdomoni mwa chupa. Wanashuka kwa urahisi, kutoka wanashindwa. Weka mtego palepale walipokuwa wanazaliwa, si katikati ya chumba. Jiko kama langu linatosha mitego 2.

Mwaga na uweke upya kila baada ya siku 2. Kipande cha ndizi kikibaki kinaelea, juu yake patakuwa pakavu na wataanza kutaga humo, nawe utakuwa unawafuga.

Kila asubuhi hesabu waliozama, andika karibu na siku ukutani. Kwenye hesabu yangu ya mwisho, siku ya 1 walikuwa 60 na zaidi, siku ya 4 walikuwa 8, siku ya 13 wakapanda tena mpaka 20. Siku hiyo ya 13 ndiyo ngumu. Hao ni waliokuwa kwenye vifuko ambavyo jicho lako halikuviona. Wakizama kabla ya kutaga, hakuna kizazi kingine. Siku ya 19 na ya 20 sikupata hata mmoja.

Hatua ya 5: bomba la lavabo

Inzi wa bomba anazaliwa kwenye ule utelezi mweusi uliobandika ndani ya bomba. Kumwaga maji ya moto juu yake hakutoshi, na javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, inateleza juu bila kuingia ndani. Lazima kusugua. Funga kitambaa kigumu au brashi ya chupa kwenye kijiti kirefu, ingiza, zungusha, vuta, osha, rudia mpaka kinatoka kikiwa safi. Fungua kile kikombe cha chini ya lavabo kinachoshika maji, ukimwage kwenye ndoo. Huko ndiko uchafu mwingi unakokaa. Baada ya hapo mwaga maji ya moto, lakini yaache kwanza dakika chache yatulie kutoka kuchemka, maana mabomba yetu mengi ni ya plastiki na yanalegea.

Nakuomba sana hapa: usichanganye javeli na siki, wala usimwage moja baada ya nyingine kwenye bomba moja. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu, na majiko yetu madogo hayana hewa ya kuiondoa. Na dawa ya kunyunyizia mashamba, ile inayouzwa kwa vichupa visivyo na maandishi, isiingie jikoni kabisa.

Rudia kusugua mara 2 kwa wiki mpaka siku 21 ziishe. Maji ya robine yakikatika siku kadhaa, kile kikombe cha chini kinakauka, na njia ya kutoka mtaroni mpaka jikoni inabaki wazi. Mwagia kikombe 1 cha maji kila jioni, funika tundu kwa kisahani unapolala.

Hatua ya 6: makopo ya mboga

Kwa wanaopanda lengalenga au kitunguu majani kwenye makopo barazani: visubi vya udongo vinataga kwenye udongo uliolowa muda wote. Acha sentimita 2 au 3 za juu zikauke kabla ya kumwagilia tena, ondoa majani yaliyooza, tandaza mchanga mkavu juu. Ukilaza kipande cha kiazi kibichi juu ya udongo siku 2, funza wanakusanyika chini yake. Kichukue ukitupe mbali, weka kingine.

Wanaoruka wanavutwa na rangi ya njano. Kata kipande cha bidoni ya njano iliyotoboka, kipake vazelini, kichomeke kwenye udongo. Kinanasa vizuri ajabu.

Ukifika siku ya 21 na bado wapo

Basi kuna chanzo kimoja hujakigusa, na mara nyingi hakiko kwako. Kwangu, mara ya kwanza nilipohesabu, kilikuwa ukuta wa pili, kwa mama jirani anayepika kasiksi. Pipa lake lilikuwa wazi mchana kutwa. Sikwenda kumlalamikia. Nilimpelekea chupa ya juisi, tukakaa, nikamweleza nilichojifunza: inzi hawa wanabeba miguuni vijidudu vinavyogeuza pombe kuwa siki. Wanapotua juu ya pipa wanavipanda humo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba mapipa yake 2 ya mwezi uliopita yalichachuka na aliyamwaga, akidhani ndizi zilikuwa mbaya.

Kesho yake alinunua kitambaa cha pamba, akafunika mapipa yote, akafunga kwa kamba ya mpira. Mimi nikahesabu tena kuanzia 1.

Siku hizi nabaki na kopo 1 tu la mtego, nyuma ya beseni la marakuja. Nalichungulia kila Jumatatu. Nikikuta 2 au 3, nageuza vitunga siku hiyohiyo.